Baba ana saratani ya puru: roboti ya India au kisu cha Dar?

*"Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 62, ni mkulima wa korosho Newala. Mwaka jana alianza kutoa damu chooni, akawa anatibiwa bawasiri, mara dawa za hospitali, mara za miti. Mwezi uliopita tulimleta Dar, akapimwa kwa kamera, wakakuta uvimbe sentimita 6 kutoka njia ya haja kubwa. Kinyama walichokata kimerudi na jibu la saratani. CT ya kifua na tumbo inasema haijasambaa. Daktari anataka aanze na mionzi na dawa, kisha apasuliwe upasuaji wa wazi, na huenda akawekewa mfuko wa kinyesi tumboni. Kaka yetu yuko Muscat, amezungumza na wakala wa hospitali moja ya India, akaambiwa baba atapasuliwa na roboti ndani ya wiki mbili, bila mionzi na bila mfuko. Shamba la mikorosho lina mnunuzi tayari. Naogopa tukimwacha apasuliwe kwa kisu cha kawaida tutakuwa tumemkosea, na kuuza shamba naogopa pia. Halafu watu wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Baba mwenyewe hajaambiwa ni ugonjwa gani, anajua ana uvimbe tu. Tufanyeje?"*

Marahaba dada, na poleni sana nyumbani.

Nikikuelewa vizuri, kinachokunyima usingizi si roboti. Ni ile hofu kwamba kuna tiba ya wenye nacho na tiba ya wasio nacho, na kwamba baba ataangukia ya pili kwa sababu nyinyi mlishindwa kuuza shamba. Nikujibu hapo hapo: upasuaji wa wazi si tiba ya wasio nacho. Ukifanywa na mtu anayeijua nyonga, unatibu saratani ya puru, na umewatibu watu wengi. Lakini yapo mambo mengine ambayo baba anaweza kupunjwa kweli, na mojawapo sikuliona popote kwenye ujumbe wako. Nimeusoma mara tatu nikitafuta herufi tatu tu, MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, sikuzikuta.

Nitalirudia hilo. Kwanza tumalize la kisu.

Maneno kwamba saratani "ikiguswa na kisu inasambaa" nayasikia karibu kila wiki, na najua yanakotoka. Mgonjwa anakuja amechelewa, anafunguliwa tumbo, anakutwa ugonjwa umeshafika kwenye ini, anafungwa, baada ya miezi miwili anazikwa. Majirani wanajumlisha: alikuwa anatembea, wakampasua, akafa. Kisu kikabeba lawama ya mwaka mzima uliopotea. Hewa ya chumba cha upasuaji haisambazi saratani. Ila chembe ya ukweli imo. Ukiukata uvimbe wenyewe, au ukalichana fuko lililouzunguka, unaweza kuacha mabaki nyuma, na mabaki hayo yanaota tena. Kwa hiyo kazi nzima ya mpasuaji wa puru ni kulitoa fuko hilo bila kulifungua.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kama sentimita 15 hivi, imeshuka ndani ya nyonga. Imefungwa ndani ya mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna vitezi vya limfu, ambako saratani hupita kwanza ikianza safari. Mafuta yote yamefunikwa na utando mwembamba, na hilo ndilo fuko ninalolisema. Nje ya utando, kabla hujafika kwenye ukuta wa nyonga, kuna tabaka jepesi kama utando wa buibui. Umewahi kumenya muhogo mbichi? Ukichanja ganda kwa kina sahihi na kupenyeza kisu chini yake, linaachia lote kwa mpigo. Ukikosea kina kidogo tu, kisu kinaingia kwenye nyama ya muhogo, ganda linatoka vipande vipande. Puru ni hivyo hivyo, isipokuwa sisi tunataka muhogo na ganda vitoke pamoja, na kisu kipite nje ya ganda.

Mwingereza mmoja, Bill Heald, aliyekuwa akipasua katika mji wa Basingstoke, aliliandika jambo hili mwaka 1982. Kabla yake wapasuaji wengi walikuwa wanaingiza mkono nyongani na kuinyofoa puru kwa vidole, na kwa wagonjwa wengi saratani ilirudi palepale. Heald alisema fuateni lile tabaka la buibui kwa macho, kwa utulivu, hadi chini kabisa. Aliliita "uwanda mtakatifu". Matokeo yalibadilika kabisa, na hapakuwa na mashine mpya hata moja. Ilikuwa mikasi, taa na subira, na yote yalikuwa upasuaji wa wazi.

Sasa roboti inaingia wapi? Inaingia kwa sababu ya umbo la nyonga ya mwanamume. Nyonga ya mwanamke ni pana, unafanya kazi kama ndani ya sufuria. Ya mwanamume ni kama chupa ya chai: mdomo mwembamba, giza, na unachokitafuta kiko chini kabisa. Wewe unajua kuosha chupa ya chai kwa mkono kunavyokuwa. Mle mle, milimita chache kutoka kwenye uwanda, zimepita neva zinazoongoza kibofu na nguvu za kiume. Ukitoka nje ya uwanda, unazikata. Ukiingia ndani, unalichana fuko.

Katika upasuaji wa wazi tunafungua tumbo kuanzia karibu na kitovu kushuka chini, tunaangalia kwa macho yetu, na mkono unagusa. Katika upasuaji wa matundu madogo tunajaza tumbo gesi, tunaingiza kamera na vyombo virefu vilivyonyooka kama vijiti vya mishikaki. Picha ni nzuri, lakini vijiti havikunji kifundo, na chini ya nyonga vinagongana. Roboti ni upasuaji huo huo wa matundu, ila vyombo vina kifundo kinachogeuka kama cha mkono, kamera inatoa picha yenye kina, iliyokuzwa, wala haitikisiki, na mtetemo wa mkono unachujwa. Na roboti haipasui yenyewe, kama ambavyo cherehani haishoni nguo yenyewe. Daktari amekaa pembeni, kichwa ndani ya kioo, vidole kwenye vishikio. Kila mkato ni wake. Akiujua uwanda, mashine inamsaidia kuufuata. Asipoujua, anapotea vilevile, isipokuwa kwa picha nzuri zaidi.

Mnasikia pia kwamba roboti "haiachi kidonda". Inaacha. Fuko lile lina ukubwa wake, halipiti kwenye tundu la kalamu, kwa hiyo lazima pakatwe mahali, sentimita tano au zaidi kidogo, litolewe. Bado ni kidogo kuliko mkato wa wazi, na maumivu yake ni madogo. Hilo sibishani nalo.

Tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndipo mawakala huokota nusu ya habari. Utafiti mkubwa wa COLOR II uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,044 wa saratani ya puru katika nchi 8, baadhi wakapasuliwa kwa wazi, wengine kwa matundu madogo. Baada ya miaka mitatu, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 5 katika kila upande. Wa matundu walipoteza damu kidogo zaidi, walikaa muda mrefu zaidi mezani, na walitoka hospitali siku ya 8 badala ya ya 9. Siku moja, dada. Tafiti mbili nyingine, ya Marekani na ya Australia na New Zealand, zote za 2015, zilileta wasiwasi kwamba kwa matundu fuko halitoki zima mara nyingi kama kwa wazi, ingawa walipofuatilia wagonjwa baadaye tofauti kubwa ya kuishi haikuonekana.

Roboti imepimwa zaidi dhidi ya matundu madogo kuliko dhidi ya upasuaji wa wazi, hili litunzeni. Utafiti wa ROLARR, uliotoka 2017 ukiwa na wagonjwa 471, ulitaka kuona kama roboti inapunguza zile nyakati ambapo mpasuaji anashindwa katikati na kulazimika kufungua tumbo. Ilikuwa asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa ushindi. Kisha wakaja Wachina na utafiti wa REAL, hospitali 11, wagonjwa zaidi ya 1,100, uvimbe wa katikati na wa chini ya puru kama wa baba. Huo uliipa roboti sifa ya kweli: baada ya miaka mitatu saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 1.6 badala ya 4.0. Siudharau hata kidogo. Ningekuwa na roboti na timu iliyoizoea, mwanamume mnene mwenye uvimbe wa chini ningempeleka huko bila kusita. Lakini wapasuaji wa utafiti ule walikuwa watu wanaoshinda kwenye mashine hiyo, na faida yake ni pointi 2.4 katika mia.

Weka faida hiyo kando ya nyingine. Mwaka 2001 Waholanzi walitoa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,800 waliopasuliwa kwa njia ya Heald. Nusu walipewa kwanza mionzi ya siku tano, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 2.4 ya waliopata mionzi na asilimia 8.2 ya wasiopata. Wagonjwa si wale wale na miaka imepita, kwa hiyo siwezi kuzilinganisha tarakimu hizi moja kwa moja kama bei za sokoni. Lakini unaona mzani unaelemea wapi. Yule wakala anawauzia faida ndogo ya roboti kwa kuitupa faida ya mionzi, bila hata kujua kama baba anaihitaji.

Na atajuaje, kama nyinyi wenyewe hamjui? Ndiyo maana niliitafuta MRI. CT inatuambia kama ugonjwa umefika kwenye ini au mapafu, na kwa baba haujafika, tunashukuru. Lakini CT haiwezi kuonyesha vizuri umbali kati ya uvimbe na ule utando wa fuko. MRI ya nyonga inauonyesha kwa milimita. Uvimbe ukiwa umekaribia utando, au vitezi vya ndani vikiwa na dalili mbaya, mionzi na dawa kabla ya kisu ndiyo tiba. Uvimbe ukiwa mdogo na uko mbali na utando, inawezekana kabisa asihitaji mionzi, akapasuliwa moja kwa moja. Kwa hiyo wakala anaweza hata kuwa amebahatisha! Daktari wenu wa Dar naye inawezekana ameshaiagiza na nyinyi hamkuelezwa. Muulizeni kesho. Kama haijapigwa, ipigwe, hapo hapo Dar, kabla ya mnunuzi wa shamba kuitwa.

Kuhusu India yenyewe, nisieleweke vibaya. Wako wapasuaji hodari sana kule, na nina wagonjwa waliorudi wakiwa wametibiwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Lakini daktari wa saratani wa Mumbai au Chennai naye angeanza na MRI, angekaa kikao na wenzake wa mionzi na wa dawa, ndipo aseme. Anayesema "wiki mbili, bila mionzi, bila mfuko" kwa mgonjwa ambaye hajamwona ni mtu wa mauzo. Akipenda, kaka aombe barua yenye jina na saini ya mpasuaji, si ya wakala, ikieleza wameamua hivyo kwa picha zipi.

Mfuko. Najua neno hili linavyotisha, kuliko hata neno saratani. Kama utakuwepo au hautakuwepo haiamuliwi na mashine, inaamuliwa na umbali wa uvimbe kutoka kwenye misuli inayobana haja. Kwa sentimita 6, na kama MRI inaonyesha misuli haijaguswa, kuna matumaini mazuri ya kuunganisha utumbo na baba kuendelea kwenda chooni kwa njia yake. Lakini mshono wa chini namna hiyo unavuja kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, kwa kisu au kwa roboti, na ukivuja kinyesi kinaingia nyongani. Ili kuulinda, mara nyingi tunatoa kipande cha utumbo mwembamba kwenye ngozi ya tumbo kwa miezi kadhaa, kisha tunakirudisha. Huo ndio mfuko aliowaambia daktari wenu, kama nimemwelewa. Muulizeni kama anamaanisha wa muda au wa kudumu, maana ni habari mbili tofauti kabisa. Na muwe tayari kwamba hata baada ya kurudishiwa, choo hakitakuwa kama zamani: atakwenda mara nyingi, kidogo kidogo, mara nyingine kwa haraka ya ghafla. Wengi hutulia kiasi ndani ya mwaka au miwili kwa dawa na mpangilio wa chakula. Roboti haiondoi hili pia.

Kuvuja huko ndiko kunakonifanya niogope safari za haraka. Mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Nimewahi kumpokea mzee aliyeshushwa kwenye ndege siku ya 9 baada ya upasuaji wa nje ya nchi, na barua nzuri sana mkononi, homa na tumbo limekaza kama ngoma. Tulimfungua usiku ule ule. Alipona, ila wiki tatu za wodini hazikuwamo kwenye bei aliyopewa. Mkienda, hesabuni kukaa kule mwezi na zaidi, watu wawili, na hesabuni nani atamwona Newala akirudi. Baada ya hapo kuna ufuatiliaji wa miaka mitano.

Upande wa Dar, nanyi msiridhike na neno "upasuaji wa wazi" peke yake. Muulize daktari, kwa adabu lakini bila woga: Wewe mwenyewe, au atakayempasua baba, anafanya puru ngapi kwa mwaka? Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa swali hili. Anayefanya moja au mbili kwa mwaka, hata akiwa rafiki yangu, ningemwomba amkabidhi baba kwa mwenzake. Uliza kama kesi itajadiliwa na watu wa mionzi, Ocean Road au Bugando, na kama fuko likitoka litapelekwa patholojia lipimwe kingo na kuhesabiwa vitezi, angalau 12. Matundu madogo nayo yanafanyika katika baadhi ya hospitali zetu kubwa, ulizeni. Kwa baadhi ya wagonjwa, hata hivyo, wazi ndiyo njia bora popote duniani: uvimbe ulioshika kibofu au tezi dume, tumbo lililopasuliwa mara nyingi huko nyuma, au moyo na mapafu yasiyovumilia kulala kichwa chini na tumbo limejaa gesi kwa saa nyingi.

Mionzi yaweza kuwa ya siku tano au ya wiki tano na ushee, kisha mara nyingi kuna kusubiri wiki kadhaa kabla ya kisu. Kusubiri huko si uzembe, uvimbe unaendelea kusinyaa. Kwa wachache hutoweka kabisa, na tangu kazi ya Angelita Habr-Gama wa São Paulo iliyoandikwa 2004, baadhi yao hawapasuliwi, wanachungwa tu kwa kidole, kamera na MRI kila baada ya miezi michache. Ikitokea kwa baba, jadilianeni, lakini kumchunga mtu anayeishi Newala kunataka nauli na nidhamu. Akikosa miadi miwili, uvimbe unaweza kurudi bila mtu kujua.

Wakati wa kusubiri huo, msikae na simu kuniuliza mimi mambo haya: tumbo kujaa na kukaza, kutapika, kushindwa hata kutoa upepo, damu nyingi yenye mabonge, kizunguzungu cha kuanguka. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku usiku, iliyo karibu. Utumbo ulioziba haungoji viza.

Nina neno moja la hasira, nivumilie. Uvimbe ulio sentimita 6 unafikiwa na kidole. Mwaka mzima wa dawa za bawasiri, na inaelekea hakuna aliyevaa glovu akapima. Damu chooni kwa mtu yeyote, kidole kwanza, bawasiri baadaye. Na nyinyi watoto wake, mkifika miaka 40 mpimwe utumbo kwa kamera hata kama hamuumwi.

La mwisho ni baba mwenyewe. Mmekaa kikao Dar, Muscat na Newala, mnataka kuuza shamba lake, na yeye hajui anaumwa nini. Naelewa mnamlinda. Lakini ni yeye atakayetia saini, ni yeye atakayekubali au kukataa mfuko, na huenda mikorosho ile ana maoni nayo. Mwambieni, au nendeni naye kwa daktari mwombe amwambie mbele yenu, kwa Kimakonde kama ndicho kinachomwingia. Na siku muuguzi atakapomwekea alama ya kalamu tumboni pa kukaa mfuko, aichore baba akiwa amekaa, amesimama na ameinama, si amelala tu. Aje na msuli anaoufunga shambani, ili alama isiangukie pale pindo linapobana.